Mkituma sheria, tumeni na ya kutolea

Ijumaa ya tarehe 16 Julai 2021, saa mbili asubuhi, babu mmoja wa Matombo aliniita mwizi mbele ya foleni ya watu sita.

Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. Kibanda changu cha uwakala kipo hatua chache kutoka stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, na babu huyu mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam. Kila akitumiwa pesa hupanda gari la alfajiri, hushuka mjini na kupita kwangu kabla hajaenda popote. Huvua kofia, namwamkia, ananitolea simu yake ndogo ya vitufe na kusema, "Nisaidie, mwanangu, hizo namba siku hizi zinanikimbia."

Siku hiyo mwanawe alikuwa amemtumia Sh50,000 na ya kutolea. Mtanzania hahitaji kuelezwa maneno hayo. Ni adabu tuliyojitungia wenyewe tangu pesa zianze kusafiri kwa simu: ukimtumia mtu hamsini, unaongeza juu yake kiasi kitakachokatwa wakati wa kutoa, ili hamsini ifike mkononi ikiwa hamsini. Asiyetuma na ya kutolea hajatuma kitu, ametuma usumbufu.

Nikamwandikia kiasi, babu akabonyeza mwenyewe namba yake ya siri. Jibu likarudi: salio halitoshi. Tukarudia. Salio halitoshi. Nikamweleza kwamba tangu jana kuna tozo ya serikali, imekaa juu ya makato ya kampuni, na mwanawe amepiga hesabu ya zamani. Upungufu wenyewe haukufika buku mbili.

Babu akavaa kofia yake.

"Hiyo serikali jana ilikuja hapa kwako?"

"Haikuja, babu."

"Basi iliyokuja ni njaa yako."

Foleni ikacheka. Nilimtolea kilichotoka, nikajazia kutoka mfukoni mwangu hadi ikatimia hamsini, nikaandika kwenye daftari. Akaondoka bila kuaga. Nami nikabaki nikijiuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo: ilikuwaje mimi, ambaye sikuombwa ushauri wala sikupiga kura, ndiye niwe nikiitetea sheria ya Bunge dirishani, huku walioipitisha wakiwa hawaonekani?

Hoja yangu ni fupi. Jinsi wananchi wanavyoiona sheria ni sehemu ya kazi ya kiongozi aliyeileta. Haianzi pale sheria inapopigiwa kelele, wala haikabidhiwi kwa msemaji, kwa mtendaji wa mtaa au kwa wakala wa pesa za simu. Anayetuma sheria bila maelezo ametuma bila ya kutolea, na mwananchi ataambiwa salio halitoshi.

Naikumbuka vizuri siku ile sheria ilipoanza safari. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 10 Juni 2021. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alikuwa akisoma bajeti bungeni Dodoma, na redio yangu ilikuwa juu ya rafu ya vocha. Nje walikaa vijana wa bodaboda. Waziri alipotangaza kwamba faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji itashuka kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000, vijana walishangilia mpaka abiria wakageuka kutazama. Mmoja akapiga honi kama ya harusi.

Hotuba hiyohiyo ilikuwa na mambo mengine. Kulikuwa na tozo ya kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa pesa, kulingana na kiasi. Kulikuwa na tozo ya laini za simu, kodi ya majengo kukatwa kupitia LUKU, na Sh100 kuongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Yote yalisomwa, hakuna kilichofichwa. Lakini kijiweni lililobaki ni la faini. Vijana wale waliondoka wakijua wamesamehewa Sh20,000 ambazo huenda wasingelipa kamwe, bila kujua kwamba mafuta ya kila siku na pesa wanazotuma nyumbani vinakuja na mzigo mpya.

Kati ya siku ile na tarehe 15 Julai, tozo ilipoanza kukatwa, zilipita wiki tano. Wiki tano zinatosha kuitisha mkutano wa mtaa. Zinatosha kubandika karatasi moja kwenye kila kibanda cha wakala: anayetuma elfu kumi atakatwa hiki, anayetoa laki atakatwa hiki, na pesa hizi zinakwenda kufanya kazi hii. Kwangu haikufika karatasi. Mtaani kwetu haukuitishwa mkutano. Tozo ikafika kwa njia ambayo mwizi hufika nayo, yaani mwenye mali alijua baada ya kuona pengo.

Watu hawakungoja ufafanuzi. Stendi ya Msamvu ikarudi kwenye maisha ya zamani ya bahasha. Niliona kwa macho yangu wafanyabiashara wakimkabidhi kondakta wa basi noti zilizofungwa kwa gazeti na raba, jina la mpokeaji limeandikwa kwa kalamu ya wino juu yake. Pesa zilizokuwa zinapita salama kwenye simu zikarudi kusafiri chini ya kiti cha dereva. Kamisheni yangu ya mwezi ule ilishuka mpaka nikafikiria kuuza maandazi pembeni.

Ndipo likaanza kusikika lile jibu tunalolijua kwa moyo: wananchi hawajaelewa, kuna watu wanapotosha, tutatoa elimu. Ukiwa dirishani unajifunza kwamba kuna hali mbili tofauti, na viongozi wetu wana mazoea ya kuzichanganya. Kuna sheria ambayo watu hawajaielewa, na kuna sheria ambayo watu wameielewa vizuri sana, ndiyo maana wanaikataa.

Babu wa Matombo alikuwa kwenye hali ya kwanza. Hakujua kilichokata pesa yake, akamtuhumu aliyekuwa karibu. Kwake elimu ilikuwa dawa. Lakini mama lishe wa pale stendi, anayetuma pesa ya mchele Mbeya mara tatu kwa wiki, alikuwa kwenye hali ya pili. Alichukua karatasi ya pakiti ya sigara, akajumlisha makato ya kampuni na tozo, ya kutuma na ya kutoa, akanionyesha. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kumwambia mama yule kwamba hajaelewa ni kumtukana.

Na serikali yenyewe, kwa matendo yake, ilikubali kwamba mama lishe alikuwa sahihi. Siku chache tu baada ya tozo kuanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza iangaliwe upya. Septemba 2021 ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bajeti ya mwaka uliofuata ikakishusha kiwango cha juu kutoka Sh7,000 hadi Sh4,000, lakini papo hapo tozo ikapelekwa hadi kwenye miamala ya benki, kelele zikazuka upya, na Oktoba 2022 nyingine zikafutwa na nyingine zikapunguzwa. Mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa kwa simu ikaondolewa. Kama ugonjwa ulikuwa uelewa wetu mdogo, mbona kila mara dawa ilikuwa kupunguza tozo?

Nampa Rais haki yake: alisikia, na aliagiza. Wapo viongozi ambao wangeziba masikio. Lakini kupunguza hakukuja na sentensi moja niliyoingoja, sentensi fupi ya mtu mzima: hapa tulikosea hesabu. Tulipewa punguzo kama zawadi. Na mtu akikupa zawadi ya mali yako mwenyewe, unashukuru ukiwa na kinyongo.

Kukosekana kwa maelezo hakukuwaumiza wananchi peke yao. Kuliiumiza serikali pia. Tuliambiwa pesa za tozo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na naamini vilijengwa. Lakini Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango mwingine, ule wa Sh1.3 trilioni za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa za kukabiliana na UVIKO-19, uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima. Mtaani pesa hizi mbili zikavurugana. Wateja walinionyesha darasa jipya lenye bati la kung'aa na kuniuliza, "Dada, hili ni la tozo au la korona?" Sikuwa na jibu. Serikali ikakusanya lawama yote ya kukata na ikakosa nusu ya shukrani ya kujenga, kwa kukosa kibao kimoja ukutani.

Kuna watakaosema mimi ni wakala, nina uchungu wa kamisheni yangu, na tozo ni jambo lililopita. Sawa, tuiache. Tuzungumzie bandari.

Tarehe 10 Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano ya ushirikiano wa bandari baina ya Tanzania na Dubai, yaliyofungua mlango kwa kampuni ya DP World. Maandishi ya makubaliano yale tuliyapokea kwenye WhatsApp, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja ukiwa umepigwa picha ukiwa umepinda. Kwenye kibanda changu aliyekuwa akiyatafsiri ni kijana mmoja muuza vifuniko vya simu, aliyeishia kidato cha nne. Alikuwa anafika kwenye neno gumu, anakuna kichwa, kisha anasema, "Hapa maana yake wameuza." Wote tukaamini, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyetufasiria.

Mikutano mikubwa ya hadhara ya kueleza makubaliano ilianza baadaye, Julai, wakati neno "wameuza" limekwisha kuota mizizi. Swali kubwa la mtaani lilikuwa ukomo: mpaka lini? Jibu la miaka 30 lilitajwa hadharani mikataba mahususi iliposainiwa, Oktoba 22 mwaka huohuo. Kati ya swali na jibu ilipita zaidi ya miezi minne, na ndani ya miezi hiyo nchi iligombana, watu walikamatwa, viongozi wa dini walitoa matamko, majirani walinuniana. Sisemi kwamba maelezo ya mapema yangemridhisha kila mtu. Wapo waliosoma kila kifungu na bado wakapinga, na walikuwa na haki hiyo. Ninachosema ni kwamba yule kijana wa vifuniko vya simu hakuwa mpotoshaji. Alikuwa anafanya kazi ya waziri bila mshahara.

Ndugu zetu wa Kenya walilipa gharama kubwa zaidi. Muswada wao wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuja na mapendekezo kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana waliuchambua wenyewe, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila yao kwenye video fupi za simu, mpaka bibi wa kijijini akajua kifungu kinachomgusa. Baadhi ya vipengele, ukiwemo wa mkate, viliondolewa tarehe 18 Juni, lakini imani ilikuwa imekwisha kutoka. Juni 25 wabunge wakaupitisha, waandamanaji wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Muswada ulikufa, lakini waliozikwa hawakurudi. Na hapo hakuna anayeweza kusema wananchi hawakuelewa. Walielewa kwa lugha tatu.

Najua upotoshaji upo. Nisiwe mnafiki. Wiki ya kwanza ya tozo mteja alinisikilizisha sauti ya WhatsApp ya mtu akiapa kwamba hata kuangalia salio utakatwa. Uongo mtupu. Lakini uvumi ni kama maji ya mvua za masika hapa Morogoro, hushuka kutoka Uluguru na kutafuta bonde. Ukikuta mtaa umefurika, uliza pia nani aliacha bonde wazi. Kama karatasi ya viwango ingekuwa ukutani mwangu tarehe 14 Julai, ile sauti ningeizima kwa kidole, nikionyesha mstari.

Na si kwamba hatujui kufanya vizuri. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliposomwa mara ya kwanza mwaka 2022, hofu ilikuwa kubwa. Watu waliniuliza kama ni kweli wasipokuwa na bima hawatapata leseni ya udereva. Muswada ule haukusukumwa kwa nguvu. Ulirudishwa kufanyiwa kazi, maoni yakachukuliwa, ukapita Novemba 2023. Maswali bado yapo, hasa la nani atamlipia asiye nacho. Ila hakuna aliyefunga barabara na hakuna wakala aliyeitwa mwizi. Mwaka mmoja wa kusubiri ulikuwa nafuu kuliko miaka miwili ya kurekebisha tozo vipande vipande.

Basi nini kifanyike? Mimi si mwanasheria, ila Katiba yetu ninayo kwenye droo, chini ya daftari la miamala. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Nikiziweka ibara hizi mbili pamoja napata jambo jepesi: kila makato yana mwenyewe, na mwenyewe anadaiwa maelezo.

Kwa hiyo naomba, kabla muswada unaogusa mfuko wa mtu haujapigiwa kura, itoke karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye mifano ya watu halisi: mama lishe atalipa ngapi, dereva wa bodaboda ngapi, mstaafu ngapi. Kama waziri hawezi kuijaza karatasi hiyo, muswada haujaiva. Pili, aliyeileta sheria aje aielezee mwenyewe, akae kwenye benchi la stendi aulizwe maswali, badala ya kumtuma mtendaji wa mtaa ambaye naye ameisikia redioni. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo asirudi jimboni akanong'ona kwamba hilo ni la juu. Tatu, pesa ikikusanywa, kilichojengwa kiandikwe kimejengwa kwa pesa ipi. Na mambo yakiharibika, neno la kwanza liwe "tumekosea," kabla ya "mmepotoshwa."

Mtu atasema viongozi wana shughuli nyingi, hawawezi kukaa kwenye mabenchi. Wakati wa kuomba kura huwa wanakaa. Mwaka wa uchaguzi hapa Msamvu niliwaona wakinywa chai ya rangi na makuli, wakibeba watoto, wakikumbuka majina ya wazee. Elimu ya namna hiyo tunaipata bure kila baada ya miaka mitano. Nasi tunaomba siku moja ya namna hiyo kwa kila sheria ngumu.

Nimalizie kwa babu. Alikaa wiki sita hajafika kwangu. Nilimwona mara mbili akipita upande wa pili wa barabara, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akielekea kwa wakala mwingine. Siku moja mwezi Agosti akaja. Alikuwa na mkungu mdogo wa ndizi za Matombo, ameubeba begani kutoka kwenye gari. Akauweka juu ya meza, ukafunika daftari lote.

"Mwanangu amenieleza kwa simu," alisema. "Kumbe hata kule nilikohamia wanakata vilevile. Nimekukosea, mwanangu."

Nikamwambia yameisha, babu. Nikalifungua daftari, nikalifuta deni lake kwa mstari mmoja. Akanitolea simu, nikaangalia: mwanawe alikuwa ametuma na ya kutolea, safari hii kwa hesabu mpya.

Ndizi zile tulikula siku nne, mimi na wanangu. Katika habari nzima ya tozo, kuanzia Dodoma mpaka Msamvu, mtu pekee niliyemsikia akiomba radhi ni mzee aliyekatwa.